Mrejesho: madoa meupe kwenye gari baada ya kuosha

Wakuu, mwezi uliopita nililalamika: nipo Pongwe, Tanga, naosha gari kwa maji ya kisima, likikauka linabaki na vidoa kama limenyunyiziwa chokaa. Gari lenyewe jeusi, aibu tupu.

Aliyesema ni chokaa kweli alipatia. Huku chini ni mawe ya chokaa, hata birika la chai lina ukoko mweupe. Maji yanakauka, chokaa inabaki. Kosa langu ni kuosha saa saba mchana na kuliacha likauke lenyewe juani.

Sasa naosha alfajiri, kipande kwa kipande: paa, nasuuza, nafuta, ndipo boneti. Maji ya mwisho ni ndoo moja ya mvua niliyokinga, kisha taulo la maikrofaiba papo hapo. Vidoa vya zamani nilivipaka siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikasuuza upesi. Vioo vimetakata. Kwenye boneti vimebaki viwili vitatu vilivyokwisha kula rangi. Fundi kasema hivyo ni vya kupigwa polishi.

Na wewe uliyeniambia nitumie sabuni ya unga, mkuu, nta yote ya kulinda rangi imekwenda!