Mjadala: Wapagazi wa Vita Kuu waliozikwa bila alama, tuwatafutie makaburi au tuwarudishie majina?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mada hii najua itatugawa, lakini nimekaa nayo muda mrefu na sasa naileta.

Kwetu ni Ugogo. Kwenye eneo la ukoo, pembeni ya mbuyu, kuna makaburi ya zamani yasiyo na saruji wala maandishi, ni mirundo ya mawe tu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akitupeleka pale tungali wadogo, anaelekeza fimbo na kutaja mmoja mmoja: huyu fulani, huyu mdogo wake. Katikati ya mirundo miwili palikuwa na nafasi tupu, urefu wa mtu mzima aliyelala. Akifika hapo alisimama, akaigusa ardhi kwa ncha ya fimbo, akasema, "Hapa pake. Tumemwachia." Kisha akaizunguka. Sisi watoto tulikatazwa kupakanyaga.

Mwenye nafasi ile ni baba yake mkubwa. Alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, na hakurudi. Bibi hakuwahi kumwona, alizaliwa baadaye. Nafasi ile aliikuta, akakabidhiwa kuitunza.

Swali langu ni hili: watu kama huyu tuwafanyie nini leo, miaka zaidi ya 100 imeshapita? Wapo wanaotaka makaburi yatafutwe popote yalipo. Wapo wanaotaka mnara mpya mjini. Wapo wanaosema yaliyopita yamepita. Msimamo wangu: tuanze na majina, na majina yenyewe yaanzie vijijini walikochukuliwa.

Niwaeleze kwa nini.

Tunapita Kariakoo kila siku kununua vitu bila kufikiri kwamba jina lile ni la wapagazi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliwapanga pale watu wa Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na ndimi zetu zikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao. Vita ile ilipiganwa kwenye nchi ambayo mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na barabara hazikuwepo. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Chakula, risasi, mahema, wagonjwa, vyote vilibebwa na binadamu. Na waliokufa hawakufa sana kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Unga wa mahindi usioiva vizuri, kwa mtu aliyezoea uwele au ndizi, ulitosha kummaliza akiwa njiani. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria hutaja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa. Wajerumani nao walibebesha watu vilevile, wengi bila hata kuwaandika.

Sasa tazameni walivyozikwa, maana hapo ndipo ninapoumia. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa mwaka 1917, na kanuni yake kubwa ilikuwa kwamba kila aliyekufa aheshimiwe sawa na mwenzake, bila kujali cheo wala dini. Huku kwetu kanuni hiyo haikufika. Mwaka 2021 tume hiyohiyo, ambayo leo inaitwa Commonwealth War Graves Commission, ilitoa ripoti ya kujichunguza na ikaomba radhi. Inakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Ndani yake yamo mambo ya Tanganyika mwaka 1922. Gavana Horace Byatt alionelea kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo.

Basi yakarudi porini. Mwitu ulikua kwa shauri la mtu aliyekaa ofisini.

Nendeni pia Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, kando ya barabara ya Bagamoyo. Yalianzishwa mwaka 1968, makaburi 660 yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara mpya. Waliokuwa na majina walihamishwa na majina yao. Viwanja vya Waafrika, Wakristo kwa Waislamu na wasio na dini hizo, havikuwa na alama ya mtu mmoja mmoja tangu mwanzo, kwa hiyo mifupa yao ikazikwa upya kwa pamoja. Hapohapo kuna ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi wasiojulikana walikolala. Kwa hiyo kukosa kaburi hakukuwa sababu ya kukosa jina. Mwingereza aliyepotelea porini aliandikwa ukutani. Mpagazi aliyekufa naye njia moja hakuandikwa.

Halafu ile Sanamu ya Askari katikati ya mji, ambayo wazee wa Dar wanaiita Bismini. Ilizinduliwa mwaka 1927, na nyingine za aina yake zipo Nairobi na Mombasa. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeizunguka sanamu ile pande zote. Haina jina hata moja.

Karibuni tujadili. Natamani zaidi kuwasikia wenye ndugu waliochukuliwa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, pole kwa ya ukoo, ila nakupinga. Hao walimtumikia mkoloni. Walibeba risasi za kuwaulia Waafrika wenzao. Sisi tuna mashujaa wetu. Songea kuna kaburi la pamoja la walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa vita ya Maji Maji. Kaboya kule Kagera wamelala vijana wetu wa vita dhidi ya Idi Amin. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900 na fuvu lake linatafutwa mpaka leo. Jirani zetu Wakenya hawajakabidhiwa mwili wa Dedan Kimathi tangu mwaka 1957. Tumalize hao kwanza. Mpagazi wa Mwingereza akumbukwe na Mwingereza.

Mleta mada

Ndugu yangu, hao uliowataja wote nawaheshimu, na Kaboya nimefika. Lakini neno "walimtumikia" siwezi kuliacha lipite.

Bibi alisema mtu wetu alichukuliwa na askari. Askari wa nani, hakujua. Hadi katikati ya mwaka 1916 Dodoma ilikuwa ya Wajerumani, kisha Waingereza wakaiteka, na pande zote mbili zilikomba watu, ng'ombe na nafaka. Ndiyo sababu njaa ya Mtunya ilikuwa kali vile. Vijana wenye nguvu wameondolewa, ghala limebebwa, halafu mvua ikakata. Mtu aliyekamatwa machungani akafungwa kamba na wenzake, tunasemaje kwamba alimtumikia fulani? Huko Kenya mwaka 1917 watu walisombwa kwa maelfu kwa amri ya serikali, na machifu wakapewa idadi ya watu wa kutoa. Kujitolea hakukuwepo.

Kuhusu kwamba Mwingereza ndiye akumbuke: tulimwachia miaka 100, na matokeo yake ni hayo ya Byatt. Gharama alipe yeye, hapo nakubaliana nawe kabisa. Ila kutamka majina ni kazi ya kwetu. Hayuko wa London anayeweza kuja kusema huyu ni wa ukoo fulani, mama yake alitoka bonde fulani.

Na huyo Kimathi uliyemtaja unanisaidia hoja. Mwili haujapatikana, lakini hakuna Mkenya asiyejua jina lake. Ana sanamu Nairobi tangu mwaka 2007. Wangapi wa Kariakoo wana hata hilo jina?

Mchangiaji wa pili

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nitasema machache. Marehemu hasumbuliwi. Mkianza kuchimbachimba kutafuta wapagazi mtafukua watu ambao si wao, na mtaleta ugomvi. Sehemu hizo sasa ni mashamba, ni nyumba, ni shule. Aliyejenga hapo miaka 40 mtamwambia nini? Kwetu sisi Waislamu kaburi halitaki mapambo, linataka dua. Mwombeeni mtu wenu alipo, Mungu anamjua.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hapa tuko pamoja kuliko unavyodhani. Sitaki kufukua. Wapagazi walizikwa kando ya njia, pengine wawili watatu shimo moja, kutoka Taveta mpaka Rufiji na kuvuka Ruvuma hadi Msumbiji. Wengine hawakuzikwa. Kuzunguka na majembe ni kuahidi watu kitu kisichowezekana, na ukoo ukishaahidiwa mifupa ukaikosa unaumia mara ya pili.

Ila naomba tutofautishe kaburi na alama. Dua nayo inataka jina. Bibi hakuwa na mwili wala mfupa, alikuwa na nafasi ya futi sita na jina la kulitaja hapo, basi. Ninachopendekeza ni kama kile: alama iwekwe alikotoka, sio alikoangukia.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nauliza mishahara. Marehemu babu alikuwa akisema wa kwao walikwenda watatu, akarudi mmoja, na pesa za wale wawili hazikuonekana. Mnazungumza alama wakati kuna deni. Jiwe halili mtu.

Mleta mada

Dada, au kaka, samahani sijajua, umegusa penyewe. Deni lilikuwepo na linajulikana. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi upande wa Waingereza, alihangaika miaka mingi baada ya vita akitaka mishahara ya waliokufa, ambayo haikuchukuliwa na ndugu, irudi kwa watu wa nchi hizi. Serikali ya Uingereza ilikataa. Sababu mojawapo ya fedha kukosa wa kuichukua ni kwamba ndugu hawakupatikana, na ndugu hawakupatikana kwa kuwa hawakutafutwa vya kutosha.

Kwa hiyo mshahara na jina vimeshikana. Aliyekuwa na mshahara aliandikwa mahali. Ofisi ya Watkins iliandikisha watu kwa namba. Sehemu ya kumbukumbu imepotea, sehemu ipo kwenye nyaraka, na kuna watafiti wanaozipekua Kenya na Uingereza. Afrika Kusini wameshaonyesha kwamba inawezekana. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi waliokufa vita hiyohiyo bila kaburi linalojulikana, na kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina. Hilo nalipenda sana, kila mtu na mti wake. Ninachoogopa ni sisi kuishia kwenye bustani moja ya mjini, mkuu wa mkoa akate utepe, na kule Mpwapwa, Kilwa au Ukambani pasifike hata karatasi.

Pendekezo langu ni dogo. Kila jina linalopatikana kwenye nyaraka lipelekwe wilaya lilikotajwa, libandikwe ofisi ya kijiji na lisomwe kwenye mkutano wa hadhara. Wenye ukoo waseme huyu wetu, au huyu jina lake limekosewa, maana karani wa mwaka 1917 aliandika alivyosikia. Na wazee waulizwe wasiokuwa kwenye orodha yoyote. Wenye kumbukumbu ya kupewa na wazazi wao sasa wana miaka 80 na 90. Kila msimu tunazika kadhaa. Baada ya hapo kijiji kiamue chenyewe, jiwe, mti au jina la darasa. Madai ya fedha nayo yatapata wenyewe wa kuyasimamia, kwa majina.

Bibi alipofariki, vijana waliochimba kaburi walianzia kwenye ile nafasi kwa sababu udongo wake ulikuwa laini. Hawakujua. Baba akaja mbio akawasimamisha, wakafukia, bibi akalazwa upande wa pili. Nilikuwepo. Nilitazama vijana wale wa ukoo wetu, umri wa mwanangu, hakuna aliyewahi kuambiwa pale ni pa nani.

Jina lake wazee wameniambia nisiliweke hadharani mpaka kikao cha ukoo kikae mwezi ujao. Lakini kama yupo hapa anayepekua nyaraka hizo, au mwenye mzee aliyerudi na akasimulia wenzake wa safari, ya kwetu ninayoyajua ni haya: kijana ambaye alikuwa hajaoa, alichukuliwa akichunga, upande wa Mpwapwa, kabla Mtunya haijakolea. Walichukuliwa naye wengine wanne wa bonde lilelile. Alikuwa mrefu, na alikuwa mashoto.