Bakteria wa chupa au sponji ya kuomba? Nina siku tisa tu

BabaIman
Wakuu habari za usiku. Juzi nimenunua tangi la samaki, nimejaza maji, mawe nimepanga, filta inazunguka. Sasa binti yangu nimeshamwahidi samaki siku ya bethdei yake na zimebaki siku tisa. Nimesoma kuwa tangi jipya lazima ulisaiko, yaani uliache bakteria wa kusafisha maji wakue, wiki nne mpaka sita ndio uweke samaki, mimi hizo wiki sita sina. Kariakoo kuna duka lina chupa za bakteria aina mbili, moja 38,000 nyingine 90,000, muuzaji anasema unamimina leo kesho unaweka samaki. Jamaa mwingine ananiambia niachane na chupa niombe sponji chafu ya filta kwa mtu mwenye tangi la zamani. Kipi bora? Nisaidieni kabla hela haijatoka mfukoni.

MzeeWaFilta
Tangi la lita ngapi? Samaki gani? Maji ya bomba au ya kisima? Hizo chupa zinaitwaje? Una vipimo vya amonia? Mkuu hujasema kitu hapo zaidi ya bethdei.

GapiMasta
Sponji. Uzi ufungwe.

BabaIman
Lita 120, maji ya bomba. Samaki bado, mtoto anataka wa rangirangi. Majina ya chupa sikuangalia, ile ya bei ndogo ina picha ya goldifishi. Vipimo ndio vipi?

MzeeWaFilta
Haya twende taratibu. Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye matamvua, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza. Kundi la kwanza la bakteria, Nitrosomonas na ndugu zao, wanaigeuza kuwa nitriti ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili wanageuza nitriti kuwa nitrati, hiyo ikiwa kidogo haina shida, unaipunguza kwa kubadili maji. Zamani vitabu vyote viliandika kundi la pili ni Nitrobacter, mpaka 1998 Tim Hovanec na wenzake walipoonyesha kuwa kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo inafanywa na Nitrospira. Kwa hiyo soma lebo. Ikiwa imeandika Bacillus tu, hao wanakula uchafu, wanatengeneza spora, ganda gumu la kujihifadhi, na wanakaa rafuni muda mrefu, lakini kazi unayoitaka wewe sio yao. Nitrosomonas na Nitrospira hawana spora, chupani wako hai wanasubiri, wakipikwa na joto ndani ya kontena au stoo wamekwisha. Kabla hujauliza bei uliza chupa imekaa wapi na ina tarehe gani.

PapaNyali
Ngojeni niwape yangu maana haya nimeyaonja. Mwaka juzi, tangi la lita 200, nikanunua chupa, jina sitaji na duka sitaji kwa sababu mwenyewe twaswali msikiti mmoja. Ilikuwa imewekwa rafu ya dirishani jua la saa nane lapiga pale pale, mimi kwa ujinga wangu nikaona afadhali iko mbele, inatoka hii. Nikamimina yote. Siku ya pili maji meupe kama ya kuoshea mchele, nikarudi dukani kuuliza, naambiwa hiyo ndiyo dalili bakteria wamekubali, basi nikabeba samaki aina ya moli kumi na wanne kwa mpigo. Siku ya tano wote wako juu vinywa wazi watweta, mke wangu akasema wana njaa hawa, akawaongeza chakula. Siku ya saba nikampata mtu ana vipimo vya matone, nitriti ikatoka zambarau hadi mwenyewe akacheka. Kwa kiwewe nikatoa maji nusu nikajaza ya mfereji bila dawa ya kuondoa klorini, yaani hata kama kulikuwa na bakteria wawili watatu nao nikawaua, na usiku huo huo stima ikapotea mpaka alfajiri, filta kimya. Kumi na mmoja nikawazika chini ya mpapai. Watatu waliobaki waliishi sana, sijui walikuwa wa chuma.

UmojaBoy254
Pole bana. Lakini hapo chupa ina kosa moja tu, mengine ni klorini na chakula. Mimi nimetumia chupa za bakteria, SafeStart mara mbili na Stability mara moja, zote zilifanya. Stability watu hawasomi maagizo, ni ml 5 kwa kila lita 40 siku ya kwanza, halafu ml 5 kwa kila lita 80 kila siku wiki nzima. Mtu anatia mara moja anasahau, kisha anasema ameuziwa maji.

PapaNyali
Sikulaumu chupa peke yake. Nimelaumu chupa, muuzaji, mke wangu, stima na mimi mwenyewe.

MzeeWaFilta
Na ule weupe ni bakteria wengine kabisa, wale wa uchafu, wanazaana majini. Wa amonia wanajishika kwenye sponji na mawe, huwaoni.

GapiMasta
Ndio nikasema sponji. Wameshajishika tayari. Unaibeba kwenye mfuko na maji ya tangi lake isikauke, siku hiyo hiyo unaitia kwenye filta yako, samaki unaanza na watatu wanne. Bei sifuri.

UmojaBoy254
Sponji ya kuomba ni kama mswaki wa kuazima. Unapata bakteria, unapata na ugonjwa wa madoa meupe, na konokono juu.

GapiMasta
Konokono ni wazuri.

UmojaBoy254
Ongea hivyo wakifika mia tatu.

MamaSangara
Nyie mna hela. Mie natia kamba mbichi mmoja ndani ya soksi ya nailoni, naacha aoze tangini, amonia inapatikana, mwezi unaisha tangi limekomaa. Hata dagaa mbichi wanafaa.

GapiMasta
Mama sebule yote inanuka soko la samaki Kirumba!

MamaSangara
Nakaa Kirumba.

MzeeWaFilta
Njia ya mama inafanya kazi ila hujui umetia kiasi gani. Amonia ikipita miligramu 5 kwa lita hata bakteria wenyewe wanazorota, 2 inatosha. Na kijana wetu ana siku tisa, dagaa hamsaidii.

TropheusKigoma
Kaka usisahau pH, kile kipimo cha asidi ya maji. Ukitaka samaki wa Ziwa Tanganyika, maji yao yanakaribia 9, na pH ikipanda amonia ile ile inakuwa kali zaidi. Tangi bichi na samaki wa ziwa letu usithubutu. Halafu nashangaa, Wazungu wanaagiza samaki wa kwetu kwa bei ya mbuzi, sisi tunakimbilia goldifishi.

UmojaBoy254
Kwa sababu wa kwenu wanapigana kama makanga.

TropheusKigoma
Wanapigana ukiwabana. Tangi la futi moja unategemea nini.

BabaIman
Wakuu asanteni, nimesoma yote mara mbili. Nimepata mtu Segerea ana tangi la miaka mitatu, kanikatia kipande cha sponji. Ile ya 90,000 nimeiulizia, kumbe inakaa juu ya friji sio ndani ya friji, tarehe imefutika. Ya 38,000 nimeona niichukue tu niitie pamoja, haiwezi kudhuru au?

MzeeWaFilta
Lebo inasemaje? Dawa ya klorini umetia? Vipimo umenunua?

BabaIman
Lebo ni Kichina. Swali jingine wakuu, huku kwetu umeme unakatika sana usiku, sponji itakufa?

PapaNyali
Tafuta pampu ya hewa ya betri leo hii. Leo.

TropheusKigoma
Saa chache haina neno. Wakikosa oksijeni usiku kucha ndio shughuli.

GapiMasta
Nina pampu ya betri ya ziada, niko Ukonga, 25,000.

MamaSangara
Ishirini. Mimi nitaichukua, kuna mtu anapanda basi la Mwanza Jumapili.