Tupeane uzoefu: ulikubali kufundishwa nini ukubwani, na biashara ikaendaje?

Mkazi wa Free Area: Jirani yangu hapa Nakuru amefunga duka. Mahali palikuwa pazuri, karibu na steji, na wateja hawakukosa. Lakini ukimwonyesha jambo lolote, jibu ni lile lile: "Hiyo najua." Madeni ya wateja aliyaweka kichwani. Mtu wa unga akija kumweleza bei mpya, anamkatiza kabla hajamaliza. Imeniuma kwa sababu ni mtu mwema. Wewe uliyekubali kukaa chini ukafundishwa ukiwa mtu mzima, ilikuwaje? Leteni yaliyowakuta, nadharia tunazo za kutosha.

Fundi wa Kondele: Magari nimeanza nayo enzi za kabureta. Siku moja ililetwa gari inatetemeka ikisimama. Tulikuwa na binti wa politekniki, yuko kwetu kwa mafunzo. Akachomeka mashine ya kusoma injini, ikaandika P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Wenzangu wakataka kubadilisha plagi zote na koili zote, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Binti akasema, "Mzee, toa koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, ya pili ije ya kwanza, halafu tusome tena." Nikafanya. Ikaandika P0302, yaani sasa ni silinda ya pili. Ugonjwa umeifuata koili! Mwenye gari akanunua koili moja, akaenda zake na pesa nyingine mfukoni. Nilimwita yule binti mwalimu mbele ya wateja, na wenye magari ya kisasa walianzia hapo kunitafuta.

Mama Vifaranga, Njoro: Kweli kabisa. Kijana wa agroveti ndiye aliyenieleza kwamba chanjo ya Gumboro, ule ugonjwa wa kuku, ya kunywesha ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na dawa ya klorini kwenye maji ya mfereji huviua. Natumia maji ya mvua.

Nyar Ugenya: Si kawaida yangu kuandika, lakini hili limenichokoza.

Niliacha shule darasa la pili. Nikaolewa, nikaanza kuuza omena Kibuye. Nilikuwa nachukua madebe kwa mkopo kwa bwana mmoja, yeye anaandika kwenye daftari lake, mimi naweka kidole gumba. Nalipa kila wiki, deni haliishi. Mume wangu akafariki. Matanga hayajaisha, yule bwana akafika na daftari, akasema tunadaiwa elfu thelathini na nane na anataka ng'ombe. Shemeji zangu walishaanza kufungua kamba. Nililia, nikaomba wangoje mavuno.

Dada mmoja wa kanisani akanishika mkono hadi ngumbaru. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Watu walinicheka njiani, mjane na penseli. Sikujali. Nilimwambia mwalimu anianzishie tarakimu, majina ya wanyama tutayaona baadaye. Nilipozishika tarakimu nikafungua simu yangu. Jumbe zote za M-Pesa zilikuwa humo, sikuwahi kufuta hata moja kwa sababu sikujua kufuta.

Siku ya kukaa kwa chifu nilisimama na simu mkono mmoja, daftari limewekwa mezani. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Daftari linasema mia tano, simu inasema elfu moja mia tano. Daftari halina kitu, simu inasema elfu mbili. Shemeji yangu mkubwa akaanza kuhesabu kwa sauti pamoja nami. Kufika katikati, yule bwana akasema tuyamalize kindugu. Ng'ombe hakutoka. Leo nina daftari langu, naagiza omena moja kwa moja Usenge, na hakuna anayeniandikia.

Kaptembwa Juu: Nimesimama kusoma hii. Pole mama, na hongera.

Bodaboda Kakamega: Huyo bwana alilipishwa au aliachwa hivi hivi?

Msema Wazi: Mama nampa heshima zake. Ila tusidanganyane, shida ya wengi ni mtaji. Hawa wanaokodi kumbi za hoteli wakuuzie "badili fikra" hawajawahi kuuza hata kiberiti.

Mkazi wa Free Area: Msema Wazi, hapa hakuna aliyesifu hao. Jirani yangu mtaji alikuwa nao.

Msema Wazi: Mmoja. Nionyeshe mia.

Mwalimu wa Bungoma: Nikuonyeshe zaidi ya mia. Togo, mjini Lomé, watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500. Kundi moja likapata mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko, jingine likafundishwa kujituma: kutafuta fursa mwenyewe, kupanga mbele, kutokata tamaa likitokea kwazo. Kundi la tatu halikufundishwa. Matokeo yalitoka 2017. Waliofundishwa kujituma faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Wa mafunzo ya kawaida walipata 11, na hiyo haikutosha kusema si bahati tu.

Msema Wazi: Hiyo nimeikubali. Lakini ni mafunzo yenye mazoezi, si kelele za jukwaani.

Mwalimu wa Bungoma: Ndicho nisemacho.

Eldoret Langas: Mmemsahau mzee Maruge! Aliingia darasa la kwanza hapa kwetu Kapkenduiywo mwaka 2004, umri miaka 84, baada ya elimu ya msingi kufanywa bure 2003. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake. Mwaka uliofuata akazungumza New York, Umoja wa Mataifa.

Mtumba Queen: Ushauri wangu: anza na daftari, simu baadaye.

Kaptembwa Juu: Daftari linaibwa, linanyeshewa. Anza na simu.

Nyar Ugenya: Bodaboda, alirudisha kidogo mbele ya chifu, kingine alikuja kukileta usiku. Na nyinyi wawili, mimi natumia vyote.

Kijana Mlolongo wa Ahero: Mzee wa Kondele, mimi nimejifunzia kazi gereji tu, sina cheti. Nafanyaje?

Fundi wa Kondele: Uliza NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, mtihani wa ufundi. Hawakuulizi umejifunzia wapi, wanataka waone mikono yako. Unaanzia gredi ya III, unapanda II, kisha I. Ukija Kondele ulizia gereji yangu, kuna gari hapa inawasha taa ya injini, tuisome pamoja.