Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani) ukitimiza miaka 65 bado uko kazini: ujiandikishe lini?

Wakuu, mzee wetu yuko Marekani, anatimiza miaka 65 Septemba na bima ya kazini anayo. Ajiandikishe sasa au asubiri astaafu? Faini inakujaje?

JIBU 1
Dirisha lake la kujiandikisha ni miezi 7, Juni hadi Desemba. Akiomba kabla ya Septemba, bima inaanza tarehe 1 Septemba. Ila ulizeni kwanza mwajiri ana wafanyakazi wangapi. Wakiwa 20 au zaidi, Sehemu B (ya madaktari na matibabu ya nje ya kulazwa) inaweza kusubiri bila faini. Wakiwa chini ya hapo, Medicare ndiyo hulipa kwanza; asipokuwa nayo, bima ya kazini inaweza kuikataa bili. Hapo msicheze napo kabisa.

JIBU 2
Faini ya Sehemu B ni 10% kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, juu ya ada ya kila mwezi, na kwa wengi haiondoki tena. Akiacha kazi ana miezi 8 ya kujiandikisha bila faini. Fomu ni mbili: CMS-40B (ombi la Sehemu B) anajaza mwenyewe, CMS-L564 (uthibitisho wa bima ya kazini) sehemu kubwa anajaza mwajiri. Hiyo ya pili ndiyo hukwama, aipeleke mapema. Na COBRA (kuendelea na bima ya mwajiri kwa kujilipia baada ya kuacha kazi) haihesabiki kama bima ya kazini! Wengi hunaswa hapo.

JIBU 3
Kama anachangia HSA (akaunti ya akiba ya matibabu isiyotozwa kodi), asimamishe miezi 6 kabla ya kuomba. Sehemu A (ya kulazwa hospitalini) hurudishwa nyuma hadi miezi 6, na michango ya kipindi hicho hutozwa kodi ya adhabu.