Kuitazama Vasa mjini Stockholm: tuzingatie nini?

Swali
Ndugu wanajamvi, natarajia kwenda Stockholm pamoja na mwanangu anayesomea uhandisi, na tumepanga kuingia katika jumba la makumbusho la Vasa, ile meli ya kivita ya Sweden iliyozama tarehe 10 Agosti 1628, siku ileile ilipong'oa nanga kwa safari yake ya kwanza. Mbao zake ziliwezaje kukaa chini ya bahari zaidi ya karne tatu bila kuoza? Na tukiwa ndani, ni kitu gani tusikipite haraka?

Jibu la kwanza
Minyoo ya baharini inayotoboa mbao za meli huhitaji maji yenye chumvi nyingi, ilhali maji ya Bahari ya Baltiki, ilikozama meli hiyo, yana chumvi hafifu, kwa hiyo haistawi huko. Vasa ililala kwenye kina cha mita 32 hivi hadi ilipoinuliwa tarehe 24 Aprili 1961. Kazi iliyofuata ndiyo ninayoiheshimu zaidi: kwa kuwa mbao zilizolowa kiasi hicho zikiachwa zikauke zenyewe husinyaa na kupasuka, mafundi walizinyunyizia polietilini glaikoli, kemikali inayopenya ndani ya mbao, kwa miaka 17, ikachukua nafasi ya maji taratibu. Hata mwanga hafifu wa ukumbini ni wa kuzilinda, basi yapeni macho muda wa kuzoea.

Jibu la pili
Mwanao mpeleke kwenye matundu ya mizinga ya sitaha ya chini. Meli ilibeba mizinga 64 na sehemu yake ya juu ilikuwa nzito mno. Farumi ya mawe, yaani uzito wa kuipa meli uthabiti, iliyojazwa ngamani, sehemu ya chini kabisa ya meli, tani 120 hivi, haikutosha kuituliza, na kuiongeza kungeyasogeza matundu hayo karibu zaidi na maji. Baada ya mwendo wa mita 1,300 hivi upepo uliilaza ubavu, maji yakaingilia hapo, na watu wapatao 30 wakafa. Linaloniuma ni kwamba dalili zilikuwa zimeonekana: kabla ya safari, watu 30 walikimbizwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine, meli ikayumba hata Admirali Klas Fleming akasimamisha jaribio, na bado iliruhusiwa kuondoka.

Jibu la tatu
Pandeni pia ghorofa za juu mkaitazame shetri, yaani sehemu ya nyuma ya meli, kwa maana michongo yake ya mbao, ambayo zamani ilipakwa rangi kali, haionekani vizuri kutoka chini. Msikose vilevile sehemu yenye mifupa ya waliozama pamoja na sura zao zilizoundwa upya kutokana na mafuvu.