Mkulima aliyeleta kahawa mbichi: asomwe jina mkutanoni au aitwe pembeni?

Wana Mbozi, na majirani zetu wa Ileje na Rungwe, naomba tulijadili hili. Msimu uliopita, kwenye mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika, yalisomwa majina ya waliorudishwa mzanini kwa kuleta kahawa mbaya. Mzee mmoja akasomwa huku mkwewe kakaa benchi la nyuma. Mzee aliinuka, akachukua kofia yake, akaondoka. Sasa anawauzia walanguzi kahawa ikiwa bado mtini.

Mimi nasema tulikosea. Kahawa mbaya ndiyo nini? Ilichumwa mbichi? Ilipitiliza kuiva? Au ililala kwenye gunia badala ya kumenywa siku ileile? Kila kosa lina dawa yake, na mzee hakutajiwa hata moja. Alitajwa jina tu.

Wa Vwawa: Hapana, ndugu yangu. Kituoni kahawa yetu inamenywa pamoja na mnadani inakwenda mzigo mmoja. Mbichi zako zinaharibu ladha ya mzigo wote, bei inashuka kwangu mimi niliyechuma nyekundu tupu. Hasara ni ya wote halafu maneno yawe ya chumbani? Na ninyi mnaotetea, semeni basi huyo mzee alishaitwa pembeni mara ngapi.

Wa Ileje: Mnagombania jina, na jina lenyewe daftarini ni la baba. Shambani yupo mama na vibarua. Kibarua analipwa kwa debe, anakokota tawi zima, kijani na nyekundu, ajaze haraka. Kwetu aliyesomwa ni mjomba. Kufika nyumbani akamfokea shangazi, na vibarua wakaendelea vilevile.

Mleta mada: Dada wa Ileje, hapo umenipata. Wa Vwawa, mzee aliitwa mara mbili, nakiri. Lakini mimi mwenyewe niliwahi kumwagiwa debe langu kwenye turubai, karani akachambua nami, kijani huku, nyekundu huku. Rundo la kijani lilinitoa jasho. Tangu hapo vibarua nawaongezea kidogo kwa debe lisilo na mbichi, na sijarudishwa tena.

Wa Vwawa: Sawa. Foleni ya saa mbili usiku, karani mmoja, gunia mia, mashine inasubiri. Utamwaga debe la nani?