Naomba ushauri: abaya yangu imeng'aa baada ya kupigwa pasi

Assalaam alaykum dada zangu.

Nina abaya nyeusi ya nida, kitambaa nilinunua Darajani nikashonesha kwa ajili ya Idi. Nimeivaa mara mbili tu. Juzi umeme uliporudi nikaipiga pasi haraka haraka kwa nje, na moto nilikuwa nimeuacha ule wa kanga. Sasa pajani pana alama inayong'aa kama mgongo wa mende, umbo la ncha ya pasi kabisa! Haijatoboka, ila juani inaonekana kutoka mbali.

Nimeweka kitambaa chenye maji na siki, nikapitisha pasi ya moto mdogo juu yake, kwa upande wa ndani. Alama ikafifia, lakini ilipokauka ikarudi. Shoga yangu anasema nisugue kwa brashi ya nguo. Naogopa, nida ni poliesta, isije ikachakaa kabisa.

Je, mng'ao huu unatoka, au nyuzi zimeshayeyuka nimpelekee fundi anifunike kwa lesi? Na nida yenye shanga mikononi nyinyi mnaipigaje pasi? Harusi ni Ijumaa ijayo.